Siku Hanora Aliposhindwa Kukisia

Siku chache kabla ya Krismasi, Donncha wa posta aliegemeza baiskeli yake ukutani kwa shangazi yake Neans, akaingia jikoni mikono mitupu, akavuta kiti. Neans alikuwa anakanda unga. Alijua kilichomleta kabla hajafungua kinywa.

"Shangazi," Donncha alisema, "vijana wanauliza kama tupite hapa mwaka huu, au tusipite."

Neans hakuinua macho. Kupitia dirishani alimwona mumewe, Tadhg, amesimama uani na ndoo tupu mkononi, analitazama banda la ng'ombe kama mtu aliyetumwa kitu akasahau ni kitu gani.

"Msipite," alisema.

"Hata mlangoni tu? Wimbo mmoja, tunaondoka zetu."

"Ataogopa, Donncha. Watu nyuso hazionekani, yule farasi wenu wa mbao anagongesha meno. Juzi aliliogopa koti lake mwenyewe limetundikwa msumarini. Msipite."

Donncha alijikuna shingo. Alikuwa mwanamume wa makamo, mnene, mwenye mashavu mekundu ya mtu anayeshinda kwenye upepo, lakini katika jiko lile alirudi kuwa mtoto. "Ni yeye aliyenifundisha kusuka kofia," alisema mwishowe.

"Kwani mimi sijui?"

"Nimesema tu, shangazi. Itakuwa utakavyo."

Hakukuwa na mtu kijijini Cill Ruáin aliyekumbuka kundi la dreoilín lisiloongozwa na Tadhg, mpaka juzijuzi hapa. Dreoilín ni kale kandege ka kahawia, kadogo hata kifaranga ni kikubwa, ambako watu wa huko hukaita mfalme wa ndege wote. Zamani walikuwa wakikawinda kweli. Siku hizi hutengenezwa kwa uzi wa sufu na kufungwa juu ya tawi la miba lenye matunda mekundu. Siku ya Mtakatifu Stefano, siku inayofuata Krismasi, kundi hulibeba tawi hilo nyumba kwa nyumba, kwa ngoma, filimbi na farasi wa mbao wa kutishia watoto, na kila mwenye nyumba huwapa kitu cha kunywa na chochote cha kutia kofiani. Wote huvaa mabua ya shayiri, sketi ya mabua, joho la mabua, na kofia ndefu iliyochongoka inayomfunika mtu mpaka kifuani. Haijulikani nani ni nani, na huo ndio mchezo wenyewe. Mwenye nyumba lazima akisie. Tadhg alikuwa fundi wa mambo hayo yote. Alikata mabua kwa mundu, kwa sababu mashine huyavunja, na alijua kuzungumza kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kuitoa, hata sauti ikawa ya kiumbe kingine kabisa.

Halafu majina yakaanza kumtoka. Kwanza ya watu wa mbali, ambayo hata mzima husahau. Kisha ya majirani. Tadhg hakuwa mtu wa kulalamika, ila alianza kuketi viti vya nyuma kanisani na kutoka kabla ya baraka. Kilichomuumiza Neans hata kuliko ugonjwa wenyewe ni wema wa watu. Walikuwa wakimshika Tadhg mkono njiani, wakiinamisha uso mbele ya uso wake na kusema polepole, kama kwa mtoto, "Haya, mzee, mimi ni nani?" Naye alikuwa akicheka, akisema, "Wewe ni wewe," huku akiuchomoa mkono wake polepole. Hanora wa nyumba ya chini, rafiki wa Neans tangu usichana, aliuliza hivyo mwezi wa kumi. Tadhg alimtazama muda mrefu, akasema kwa adabu kwamba hakumbuki kama wamewahi kukutana. Hanora alilia hapohapo mezani, na Tadhg akaenda kujifungia bandani mpaka giza lilipoingia. Toka siku ile Hanora hakurudi. Hakikuwa kiburi, aliona aibu.

Basi siku ya Mtakatifu Stefano ilifika, baridi kavu, jua limelala chini juu ya bahari kama lililochoka. Walikula nyama ya bata bukini iliyobaki jana. Mchana ulipogeuka, Neans alisikia ngoma kwa mbali, upande wa pili wa kilima. Akalifunga dirisha. Akawasha redio.

"Kuna nini?" Tadhg aliuliza.

"Upepo."

"Upepo gani unapiga hatua namna hiyo?" alisema, akarudi kuutazama moto.

Neans alitoka kwenda kuwapa kuku chakula. Hakukawia. Aliporudi kiti kilikuwa kitupu, redio inaimba peke yake, mlango wa mbele uko wazi. Koti la Tadhg lilikuwa msumarini. Fimbo yake ilikuwa pembeni.

Aliita. Alichungulia bandani, nyuma ya rundo la kuni za moto, kisimani. Kisimani alisimama, akaona maji yametulia, ndipo akapumua. Akalichukua lile koti, akajitupia shali, akaishika njia ya kuteremka akiwa nusu anatembea nusu anakimbia, mwanamke wa miaka sitini na nane. Alikuwa akimwomba Mungu na kumgombeza Tadhg kwa pumzi ileile. Njia ile iliishia kwenye majabali na mawimbi. Kabla ya majabali ilikuwepo nyumba moja tu, ya Hanora.

Ngoma ilikuwa inalia humo. Neans alizunguka nyuma, maana mlango wa mbele ulikuwa umejaa migongo ya watu, akaingia kupitia kijumba cha kuoshea vyombo. Donncha alikuwa humo, ameinua kofia yake ya mabua, anakunywa maji. Alipomwona aliweka kidole mdomoni.

"Yupo," alisema kwa kunong'ona. "Mzima, shangazi. Kaa kwanza, umekuwa mweupe."

"Yuko wapi?"

"Humo ndani, na wenzake. Alitukuta njia panda, shati tupu, anasema samahani vijana, nimechelewa. Ungefanya nini wewe? Kumrudisha kama ng'ombe aliyepotea? Mmoja wetu goti lilikuwa linamsumbua, akavua vazi lake. Tukamvika. Na mabua yanatia joto, unajua mwenyewe."

"Hakuogopa?"

Donncha alicheka kimya kimya. "Aogope nini? Alinikemea nimefunga mkanda vibaya."

Neans alisogea hadi kwenye upenyo wa mlango. Jiko la Hanora lilijaa mabua. Watu warefu wasio na nyuso, wamejipanga mbele ya moto, wanachakarisha kila wanapopumua. Alitafuta na hakumpata. Miaka arobaini na kitu ya kuosha shati la mtu yule, kumkata nywele, kulala ubavuni mwake, na sasa hakumjua. Kisha ikawa zamu ya Hanora kukisia. Alikuja na fimbo yake ya kupekulia makaa, mdogo, mkali, kitambaa cheupe shingoni kwa heshima ya sikukuu.

"Wewe," alisema kwa wa kwanza, akimchoma kiunoni, "ni mwana wa muuza samaki. Harufu haivikwi mabua." Watu wakacheka, kijana akavua kofia. Wa pili akamjua kwa viatu. Wa tatu kwa kikohozi. Hanora alikuwa bingwa, na alijijua. Akafika kwa wa mwisho, aliyesimama karibu na saa ya ukutani.

Alimzunguka. Akamgonga tumbo. "Tumbo hili si la kijana," alisema. "Mpwa wa padri?"

Kofia ilitikisika kwamba siye.

"Mwalimu? Hapana, mwalimu ana miguu ya kunguru. Yule bwana wa trekta? Sema neno, nisikie sauti."

"Mama mwenye nyumba," ilisema kofia, kwa pumzi iliyovutwa ndani, sauti kama bawaba ya mlango, "Mungu akubariki na moto wako."

Neans alishika mwimo wa mlango. Sauti ile hakuwa ameisikia kwa miaka mitatu.

Hanora alikisia tena, akakosea. Akakisia mtu aliyeko Boston, watu wakamzomea. Alikuwa ameanza kukasirika kweli, kwa namna ya wazee wanaojivunia kitu kimoja tu. "Basi sijui," alisema, na midomo ilimcheza. "Nimekuwa mzee, sijui watu tena."

Kofia iliinama kumkaribia. Sauti ya bawaba ikaondoka, ikabaki ya chini, ya kawaida, ambayo waliokuwa mbali hawakuisikia.

"Usione haya, mama," ilisema. "Hutokea. Si kosa la mtu."

 Fimbo ilimshuka Hanora mkononi taratibu mpaka ikagusa sakafu. Neans aliona macho ya rafiki yake yakijaa, akaona ameshajua, na akajiandaa kwa kile kilio cha mwezi wa kumi, kwa kofia kuvuliwa, kwa mikono kumshika Tadhg na kumwambia maskini wee.

"Nimeshindwa," Hanora alisema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. "Huyu amenishinda. Mpeni wiski, na asivue. Aliyeshinda havui."

Wakapiga makofi. Ile kofia ilisimama wima kama ya mfalme.

Neans alijifuta uso kwa shali. "Sasa nimtoe vipi?" alimwambia Donncha. "Jua linashuka. Nikiingia kumwita nyumbani nitakuwa nimemvua mbele ya watu wote."

Donncha alifikiri. Halafu akaanza kufungua mkanda wake. "Inua mikono," alisema.

"Umerukwa na akili? Wanawake wa umri wangu hawaendi na dreoilín."

"Wa umri wako nani atawajua?"

Mabua yalikuwa na joto la mpwa wake na harufu ya ghala. Kofia ilimshukia, na dunia ikawa mistari ya dhahabu. Neans hakuwahi hata siku moja kuyavaa, ingawa aliyasokota kila mwaka. Aliingia jikoni. Filimbi ilikuwa imeanza wimbo wa kucheza, naye akapita katikati ya watu moja kwa moja mpaka kwenye saa, akanyoosha mkono. Mkono wa Tadhg ukaupokea.

Walicheza. Mwanzoni Tadhg alikosea zamu, akapotea, akakanyaga mguu wa mtu. Mpiga ngoma akapunguza mwendo bila kuambiwa. Kisha miguu ikakubaliana. Mabua yalisuguana, yakakatika, yakaanguka sakafuni.

"Una miguu myepesi," Tadhg alisema ndani ya kofia yake. "Wewe wa nani?"

"Kisia," alisema Neans, akivuta pumzi ndani.

"Sijui." Alisema hivyo kwa wepesi, bila haya hata kidogo, kama mtu anayesema mvua imekatika. "Lakini nitakwenda sasa hivi. Nina mke nyumbani, na sikumwambia natoka."

"Atakasirika?"

"Hakasiriki. Anaogopa. Nikichelewa husimama dirishani, anadhani simwoni."

Neans alikosa hatua moja. "Nami naelekea huko," alisema. "Nikusindikize."

Walitoka kwa mlango wa mbele, na hakuna aliyewauliza kitu. Hanora aliwafungulia mwenyewe. Nje mwanga ulikuwa umebaki kidogo juu ya bahari, na upepo uliyapiga mabua yakalia kama mvua. Kondoo walinyanyua vichwa kutazama vichuguu viwili vya shayiri vikipanda kilima vimeshikana mikono.

"Huogopi kupotea?" Neans aliuliza.

"Huwa naogopa. Leo hapana. Leo kila mtu anauliza mwenzake ni nani."

Walipita ukuta wa mawe. Tadhg alitembea akiufuata kwa kiganja.

"Nikwambie neno," alisema, "kwa kuwa hunijui. Kuna asubuhi niliamka, nikamwangalia mke wangu, na jina lake halikuwepo. Nililitafuta kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Nikamwita mpenzi. Tangu hapo namwita mpenzi, nisije nikakamatwa."

Neans alishukuru kofia. Miezi mingi sasa Tadhg alikuwa akimwita mpenzi, yeye ambaye katika ndoa yote hakuwahi kutamka neno kama hilo hadharani wala sirini, na Neans alilipokea kama zawadi ya uzee. Aliwahi hata kujisifu nalo kwa Donncha. Sasa alitembea, hatua baada ya hatua, akilisikia upya, na aliona halikupungua. Lilikuwa la mtu anayezama na bado anakinga taa isizimike.

"Yeye alichukia?" aliuliza alipoweza.

"Hakuchukia. Alicheka, akawa mwekundu mpaka masikioni." Tadhg alicheka pia, kidogo. "Kama msichana. Ni neno zuri, ila si lake. Mtu anastahili lake."

"Nasikia," Neans alisema polepole, "nasikia watu wa huku wanamwita Neans."

Tadhg alisimama njiani. "Neans," alisema. Akarudia kwa kunong'ona ndani ya mabua. Njia iliyobaki hakuzungumza tena. Alikuwa amebeba kitu na hakutaka kimwagike.

Walipofika, Neans alidhani ataingia tu. Lakini Tadhg aliuachia mkono wake, akarekebisha kofia, akasimama mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe na kubisha, kwa adabu, kama wanavyobisha watu wa dreoilín. Akangoja.

Hapakuwa na mtu ndani wa kufungua.

Neans alizunguka nyumba mbio, akijigonga kwenye pipa la maji, akavua kofia na joho na sketi ya mabua akavitupa juu ya kuni, akaingia kwa mlango wa nyuma, akazima redio iliyokuwa bado inaimba. Alilainisha nywele kwa mikono miwili. Kisha akafungua.

Kiumbe cha mabua kilisimama kizingitini.

"Mungu akubariki, mama mwenye nyumba," kilisema kwa sauti ya bawaba. "Unanijua?"

Neans alikunja mikono kifuani, akakiangalia kutoka juu hadi chini. "Wewe ni mpwa wa padri," alisema.

Kofia ilitikisika. Siye.

"Mwalimu, basi."

Siye.

"Utakuwa yule bwana wa trekta, na viatu vyako vitanichafulia sakafu."

Ndani ya kofia kicheko kilianza, kikaenea mpaka mabua yote yakatetemeka, na Tadhg akainua mikono yake mizee akaivua mwenyewe. Nywele zilisimama, mashavu yalikuwa mekundu, na bua moja limemnasa kwenye nyusi.

"Ni mimi, Neans," alisema.

"Basi umenidanganya kabisa," alisema mkewe. Akamtoa lile bua kwenye nyusi, akamwingiza ndani, akafunga mlango. Alimvua vazi kipande kipande mbele ya moto, akamsugua mikono, akampa chai yenye wiski. Sakafu nzima ilijaa mabua, naye aliyaacha. Kabla chai haijaisha Tadhg alikuwa amelala kitini, na hata kule usingizini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda.

Asubuhi jina lilikuwa limekwenda tena. Alimwita mpenzi, akimtazama kwa wasiwasi kidogo, na Neans aliitika kama aliyeitwa kwa jina lake kamili.

Walikuwa wanakunywa chai mlango ulipogongwa. Ni Hanora, na sahani ya keki ya zabibu imefunikwa kitambaa. Alisimama kizingitini, mdogo, amejikaza, na Neans akaona jinsi mikono yake inavyobana ile sahani. Hakuinama kumtazama Tadhg usoni. Hakuuliza kitu.

"Mimi ni Hanora wa nyumba ya chini," alisema. "Nimewaletea keki."

Bega la Tadhg lililokuwa limekwisha panda likashuka. "Karibu, Hanora," alisema. "Kaa karibu na moto."

Akaketi. Alikata keki, wakala, wakazungumza juu ya baridi na juu ya ng'ombe wa Hanora aliyekataa kunyonyesha. Baadaye Hanora alikuja kumwambia Donncha, na Donncha akawaambia watu wote wa njia yake ya posta, mpaka ikawa desturi Cill Ruáin kwamba anayekutana na Tadhg hujitaja jina kwanza, kama anavyosema habari za asubuhi, halafu mazungumzo huendelea. Lakini hayo yalikuwa bado.

Tadhg alimeza kipande cha keki, akafuta midomo.

"Jana," alisema, "wale wa dreoilín walipita kwako?"

"Walipita."

"Uliwajua?"

Hanora aliweka kikombe chini na kuvuta shali mabegani. "Wote," alisema, "isipokuwa mmoja. Na mpaka leo nawaza, sijui alikuwa nani yule."

Tadhg aliitikia kwa kichwa, kwa uzito, kama mtu mwenye siri. Kisha akanyoosha mkono, akajichukulia kipande kingine.